Wimbo wa Mgeni katika Gitaa la Mwenyeji

Wahakiki wa muziki wetu wana maneno mawili wanayoyatumia kama mizani: asili na uigaji. Wimbo ukiitwa wa asili umekwisha sifiwa. Ukiitwa wa kuiga umekwisha hukumiwa, hata kabla haujasikilizwa mpaka mwisho. Mizani hii ni nyepesi mkononi, lakini haipimi sawasawa. Katika makala haya nataka kuijaribu kwa kuweka juu yake mzigo ambao kwa kuutazama tu mtu atasema ni wa kigeni mtupu: muziki wa honki-tonki, ulio tawi la muziki wa kantri wa Marekani, na jambo la kuupiga kwa bendi ya kwetu, kwa magitaa yetu, mbele ya watu wetu. Nimechagua pa kusimama nikilitazama jambo hili, napo ni Kigwa, katika wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Msomaji atauliza: Kigwa na Texas wapi na wapi? Swali lake ni la haki, na sehemu kubwa ya maneno yanayofuata ni jibu lake.

Jina la Kigwa limo katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Ugogo, ukavuka Mgunda Mkali, nyika ya kiu na hofu, ukafika Tura, kisha Rubuga, kisha Kigwa, na kutoka hapo Unyanyembe haikuwa mbali tena. Stanley alipita njia hiyo mwezi wa Juni 1871, akakuta Rubuga na Kigwa zimeharibiwa na vita. Palikuwa pahali pa watu waliochoka ambao karibu watafika. Watu hao walibeba nini? Daftari za wafanyabiashara zitajibu: pembe, nguo, shanga, nyaya za shaba. Lakini walibeba na kitu kisichoandikwa katika daftari, nacho ni wimbo. Kirangozi alitangulia akaanzisha, wapagazi wakaitika. Burton, aliyefika Kaze, ndiyo Tabora, mwaka 1857, aliandika kwamba wapagazi wake walimwimba yeye mwenyewe kwa dhihaka, wakitaja ubaya wake na chakula walichotaka wapewe. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya kazi ya upagazi, ameonyesha kwamba watu hawa, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye desturi zao za kazi, migomo yao na heshima yao. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akautua mzigo. Mwanawe akapanda gari moshi kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Njia ilibadilika, lakini kuondoka hakukubadilika, wala kubaki nyuma kwa mwanamke, wala kurudi na fedha kidogo na mazoea mapya.

Sasa tuvuke bahari. Honki-tonki kwanza ni jina la mahali, kabla ya kuwa jina la muziki. Ni baa ya kando ya njia, ya mbao na ya mwanga hafifu, wanakokwenda watu wa kazi ngumu siku ya mshahara. Baa za namna hii zilizidi katika Texas baada ya mwaka 1933, sheria iliyokataza ulevi nchini Marekani ilipofutwa, na visima vya mafuta vilipokuwa vimevuta vijana wengi mbali na mashamba ya baba zao. Mahali palikuwa na kelele: glasi, ugomvi, vicheko, viatu vikisugua sakafu. Gitaa la mti halikusikika; ikalazimu kupiga gitaa la umeme. Ngoma, ambazo wazee wa muziki wa kantri walizichukia, zikaingia polepole kwa sababu watu walitaka kucheza. Na maneno yakabadilika. Nyimbo za zamani zilikuwa za mama, za kanisa na za nyumba ya mlimani. Hizi zikawa za mtu aliyeachwa, aliyekunywa, aliyekosa na anayejua kwamba amekosa. Ernest Tubb alivuma kwa namna hii kuanzia mwaka 1941. Hank Williams, aliyezaliwa mwaka 1923 katika Alabama, akaifikisha kileleni, akafa tarehe 1 Januari 1953 akiwa na umri wa miaka 29.

Msomaji ataona mara moja mambo yanayofanana: safari ya kazi, reli, siku ya mshahara, kilabu cha pombe, mapenzi yaliyovunjwa na umbali. Lakini sitaki kuijenga hoja yangu juu ya mfanano huu peke yake, kwa kuwa ni mwepesi mno. Watu walioachwa wapo kila nchi, na kilio si mali ya taifa moja. Kama mfanano wa mambo ungetosha, basi kila wimbo wa huzuni ulimwenguni ungekuwa wetu. Lipo jambo la pili, lenye uzito zaidi, nalo ni kwamba muziki huu tunaouita wa kizungu si wa kizungu mtupu. Banjo, chombo ambacho watu hukifanya alama ya Mmarekani mweupe wa shamba, asili yake ni vyombo vya watu wa Afrika Magharibi waliopelekwa huko utumwani. Hank Williams alifundishwa gitaa na Rufus Payne, mtu mweusi aliyepiga muziki barabarani. Gitaa lile la chuma, ambalo sauti yake huteleza kama mtu anayelia kwa kujizuia, lilitoka katika visiwa vya Hawaii. Muziki huu ni mtoto wa njia panda, na mtoto wa njia panda hashangazwi na msafara.

Hapa sina budi kulikabili neno ambalo hutumiwa kila mara kufunga mjadala wa namna hii. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akilihutubia Bunge la Jamhuri mpya ya Tanganyika alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba shuleni tulifundishwa nyimbo za Wazungu, na akauliza ni wangapi waliofundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe. Alitaja rumba, chachacha na twist upande mmoja, na Gombe Sugu, Mangala, Kiduo na Lele Mama upande wa pili. Watu wengi huikumbuka nusu hii, wakaifanya fimbo. Nusu ya pili hawaikumbuki: kwamba katika hotuba hiyo hiyo alionya kwa maneno makali kuwa taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa utamaduni wa wengine ni taifa la wapumbavu. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam, na waliofurahia marufuku ile walidhani wanaitekeleza hotuba ya 1962. Kwa maoni yangu walitekeleza nusu yake. Alichokilaumu Mwalimu ni aibu: mtu kuona haya kwa kutojua twist, asione haya kwa kutojua ngoma ya bibi yake. Aibu haiondolewi kwa kumfungia mgeni mlango. Huondolewa mwenyeji akijua thamani ya alichonacho, ndipo akamkaribisha mgeni bila kupiga magoti.

Ushahidi wa jambo hili uko Tabora yenyewe. Dansi yetu ilizaliwa wapi? Ilizaliwa katika santuri za Kuba, zile za HMV zenye alama ya GV, zilizoanza kuuzwa katika Afrika katika miaka ya 1930, na katika magitaa ya Kongo yaliyotufikia kwa redio na kwa reli. Vijana wa Tabora hawakujua Kihispania. Waliyasikia maneno kama sauti tu, kama mtu asikiavyo maji yakipita. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz hawakukaa wakiiga maneno hayo milele. Walichukua mwendo wa gitaa na mpango wa vyombo, kisha wakaingiza Kiswahili, mawaidha, majina ya watu na lawama za mtaani. Tabora Jazz wakauita mtindo wao Segere Matata. Western Jazz, iliyochukua jina la upande huu wa magharibi ingawa makao yake yalikuwa Dar es Salaam, wakauita wao Saboso. Zingatia desturi hii ya kuupa mtindo jina. Mtu hampi jina mtoto wa jirani. Leo hakuna msikilizaji mwenye akili anayeuita Segere Matata muziki wa Kuba, ingawa mwenye sikio ataisikia Kuba ndani yake. Basi kama Kuba iliweza kuwa Tabora, kwa hoja gani tutasema Texas haiwezi?

Upo mfano mwingine wa karibu zaidi na muziki wa kantri, nao ni wa ajabu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, Kenya. Huko alinasa nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, lililopita katika kinywa cha Kikipsigis likavaa nguo za huko. Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi ya breki katika treni za kusini mwa Marekani, akaugua kifua kikuu, akaanza kuimba katika santuri mwaka 1927, akafa mwaka 1933. Ndiye wanayemwita baba wa muziki wa kantri. Alikuwa maarufu kwa kuivunja sauti yake kutoka kifuani kwenda kichwani, namna iitwayo yodeli. Santuri zake zilifika Bonde la Ufa pamoja na Wazungu. Tracey aliandika kwamba Wakipsigis walimdhania mwimbaji huyo kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na wimbo wa tatu, ulioimbwa na wasichana kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkong, unamwita aje acheze.

Wengi wameucheka wimbo huu kama kichekesho cha watu wasiojua gramafoni. Mimi nauona kuwa hukumu ya kisanii iliyo timamu. Wasichana wale hawakuiga yodeli. Hawakuazima gitaa. Hawakujifunza neno la Kiingereza. Walichukua kutoka kwa mgeni jambo moja tu, yaani mshangao wa sauti isiyo na mwili, wakautungia wimbo kwa chombo chao na kwa lugha yao. Kwa kuutazama wimbo huo hakuna cha kantri ndani yake ila jina. Kwa kuusikiliza kuna zaidi ya jina: upo upweke ule ule uliomfanya Rodgers aivunje sauti yake. Walichukua moyo wakaacha koti, na hilo ndilo jambo gumu, kwa maana waigaji wengi huchukua koti wakaacha moyo.

Kwa mifano hii miwili naweza sasa kuweka daraja tatu za kumpokea mgeni katika muziki. Ya kwanza ni kunakili: bendi huupiga wimbo kama ulivyo, kwa maneno yake na lafudhi yake. Ya pili ni kufasiri: lahani hubaki, maneno hugeuzwa kuwa yetu. Ya tatu ni kutunga: huchukuliwa kanuni ya ndani ya muziki, kisha kikatungwa kitu kipya. Sisemi kwamba daraja ya kwanza ni dhambi. Nairobi imekuwa na waimbaji wa kantri waliokamilika katika kunakili, na anayejulikana zaidi ni Elvis Otieno, aitwaye Sir Elvis, ambaye huziimba nyimbo za Marekani kwa sauti nzito na safi hata mtu akifumba macho hajui yuko wapi. Huo ni ustadi, na ustadi wowote unastahili heshima. Isitoshe, kunakili ndiyo shule ya mwanzo: hakuna mpiga gitaa asiyeanza kwa kukamata vidole vya mwingine. Ila sifa ile ile, kwamba hujui uko wapi, ndiyo mpaka wa daraja hiyo. Msikilizaji wa Kigwa anastahili siku moja kujua kwamba yuko Kigwa.

Tuende basi kwenye daraja ya pili, kwa kuwa hapo ndipo bendi nyingi hukwama, na sababu ya kukwama haielezwi. Wengi hudhani ni upungufu wa kipaji. Mimi nadhani ni hesabu ya silabi. Neno la Kiingereza mara nyingi ni silabi moja yenye maana kamili, na mshororo wa silabi nane waweza kubeba maneno saba au manane. Kiswahili si hivyo. Neno "nitakusubiri" peke yake ni mizani sita. Mwenye kufasiri wimbo wa kantri neno kwa neno atakuwa na mizigo minane na punda mmoja. Ama ataikimbiza sauti mpaka maneno yasisikike, ama ataikata lahani. Dawa yake ni kukubali kwamba katika kipande hicho cha lahani Kiswahili kitasema nusu ya maneno, na kwa hiyo nusu hiyo lazima iwe teule. Aliyelelewa katika shairi la mizani nane kwa nane hatashtuka, maana huo ndio uchache aliozoea.

La pili ni mkazo. Mshororo wa kantri kwa kawaida huanza kwa silabi hafifu na kuishia kwa silabi nzito. Pigo la mwisho la gitaa huanguka pamoja na neno la mwisho, kama mlango ufungwao. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno letu huanza kushuka kabla halijaisha. Ukilazimisha silabi yetu ya mwisho ikae juu ya pigo zito, utamsikia mwimbaji akisema "mpenzí" na "safarí", kama mtu aliyejifunza Kiswahili jana. Bendi nyingi hufanya kosa hili, na wasikilizaji husema tu kwamba wimbo "haukai" bila kujua kwa nini. Nitatoa mfano wa maneno niliyoyatunga kwa kazi hii tu, bila kudai kwamba ni ushairi: "Gari moshi limekwenda, nami nimebaki nyuma." Hapa kuna mizani 16, nane kwa nane. Soma kwa sauti, ukigonga meza: mgongo wa kwanza huanguka juu ya "ga", kisha "mo", kisha "li", kisha "kwe". Mshororo unaanza na pigo, si kabla yake, na silabi ya mwisho inabaki inaning'inia baada ya pigo. Kwa hiyo lahani lazima igeuzwe kidogo: noti ya kutangulia iondolewe mwanzoni, na noti moja iongezwe mwishoni, laini, ishuke. Badiliko ni dogo, lakini likifanywa wimbo unasimama kwa miguu ya Kiswahili. Tena noti hiyo ya mwisho inayoshuka inafaa sana kwa huzuni, hata naona kwamba lugha yetu inaupa muziki huu kitu ambacho lugha yake ya kwanza haikuwa nacho. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954 hakuwaza baa za Texas; walakini mtunzi wa bendi atakayekisoma kitabu chake atapata humo msaada ambao hataupata katika santuri mia za kigeni.

Kwa vyombo maneno ni machache, maana vyombo vyetu viko tayari kuliko maneno yetu. Nyimbo nyingi za honki-tonki husimama juu ya nyuzi tatu, na mpiga rithimu wa dansi anazijua tatu hizo kabla hajajua kunyoa ndevu. Besi yake hupiga mara mbili kwa kila kipimo, mwendo ambao mchezaji wa dansi atauona mtupu, kwa kuwa amezoea besi inayozungumza. Mpiga tumba asilazimishwe kunyamaza. Apige kidogo, aache nafasi. Palipo na ugumu ni katika sauti ya gitaa la chuma. Bendi ya kijijini haina chombo hicho, wala haina haja ya kukiagiza. Mpiga solo wetu anajua kuvuta uzi na kuulegeza, na katika dansi ya zamani saksafoni ilikuwa ikimjibu mwimbaji mwishoni mwa kila mshororo. Kazi ya gitaa la chuma ni hiyo hiyo: kuitikia. Na kuitikia, kama tulivyoona, kulikuwako katika msafara kabla ya umeme. Jambo moja tu bendi yetu haina budi kujinyima, nalo ni chemko. Dansi hupenda kugawa wimbo nusu mbili: kwanza maneno, kisha magitaa yachemke na watu wasahau maneno. Honki-tonki hairuhusu kusahau. Watu hucheza, lakini hucheza juu ya huzuni ile ile, na wimbo huisha baada ya dakika tatu, kabla mtu hajafarijika. Nidhamu hii ya ufupi ni somo jema kwa bendi ambazo huongeza dakika kwa sababu hazina la kusema.

Yako pia mafunzo yanayouma zaidi. Ushairi wetu umelelewa katika fumbo. Tunamwita mpenzi ua, njiwa, chungwa. Tunamwita adui mwiba. Honki-tonki haina ua wala njiwa. Mtu husema: nilikunywa, nilidanganya, ameondoka, ni haki yake. Je, Kiswahili kinaweza uwazi huu bila kupoteza adabu? Wako watakaosema hapana, kwamba siri ya nyumba haiimbwi barabarani. Ninauheshimu wasiwasi wao. Lakini fumbo lina matumizi mawili: moja huficha ili lizidi kuonyesha, jingine huficha ili mtu asiulizwe. Nyimbo zetu nyingi za dansi hutumia la pili. Mwanamume huimba kwamba ulimwengu ni mbaya, wanawake hawana shukrani, binadamu ni vigeugeu; wala hatusikii yeye mwenyewe alifanya nini. Mwimbaji wa honki-tonki, kwa kawaida yake iliyo bora, hujiweka mwenyewe kizimbani. Hilo ndilo jambo ningetaka bendi ya Kigwa imwibie mgeni kabla ya gitaa lake na kofia yake.

Na kizimbani kuna upande wa pili. Mwaka 1952 Hank Thompson alikuwa amevuma kwa wimbo unaomlaumu mwanamke aliyemwacha kwa ajili ya starehe za baa. Mwaka huo huo Kitty Wells, mke na mama, aliimba wimbo wa kumjibu, uitwao It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels, akisema kwa ufupi kwamba nyuma ya wanawake wengi wanaolaumiwa wapo wanaume waliowadanganya. Wako wenye redio waliokataa kuupiga. Lakini wimbo ulipanda ukawa wa kwanza katika orodha ya kantri ya jarida la Billboard, jambo ambalo mwanamke aimbaye peke yake hakuwa amelifikia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Sisi ni watu wa kujibizana. Shairi letu hupelekwa na hurudishwa. Siti binti Saad, aliyeanza kuimba katika santuri mwaka 1928, aliwafanya wanaume wa Unguja wasikilize hukumu kutoka kinywa cha mwanamke. Lakini katika dansi ya bara mwanamke ametajwa mara elfu na amejibu mara chache. Ameimbwa na mpagazi, ameimbwa na manamba, ameimbwa na mpiga gitaa wa jukwaani. Yeye aliyebaki Kigwa akilima mpunga na karanga, akihesabu miezi, aliimba nini? Bendi itakayompa nafasi ya kujibu kwa lahani ile ile aliyolaumiwa kwayo itakuwa imefanya kazi ya daraja ya tatu, ijapokuwa haikubadili hata noti moja.

Sasa naweza kurudi kwenye mizani niliyoanza nayo. Tukipima kwa asili na uigaji, wasichana wa Kapkatet hawapati mahali, maana wimbo wao ni wa asili uliotokana na santuri. Tabora Jazz hawapati mahali, maana Segere Matata ni uigaji uliopewa jina la kwetu. Na wapagazi waliomwimba Burton hawapati mahali vile vile, maana walimtungia mgeni wimbo kwa desturi yao wenyewe. Mizani inayowaacha nje watu wote waliofanya kazi njema ni mizani mbovu. Napendekeza tupime kwa maswali matatu. Je, mwimbaji anajua maana ya kila neno analolitoa? Je, lugha anayoiimba imesimama kwa mkazo wake na mizani yake, au imekunjwa ili iingie katika nguo ya mtu mwingine? Na je, wimbo umesema jambo ambalo watu waliousikiliza hawakuwa wamethubutu kuambiana? Wimbo unaojibu ndiyo mara tatu ni wetu, hata kama lahani yake ilizaliwa Alabama. Unaojibu hapana mara tatu si wetu, hata kama umepigwa kwa ngoma iliyochongwa Unyanyembe.

Najua jambo linalowatia wasiwasi wanaolinda asili, nao hawawi na wasiwasi bure. Bendi za mikoani zimepungua. Baa yenye redio na simu haina haja ya kuwalipa watu sita. Kijana mwenye gitaa hushawishika kupiga kile tu ambacho wateja wamekwisha kisikia kwingine. Katika hali hiyo wimbo wa mgeni waweza kuwa msumari wa mwisho. Lakini waweza pia kuwa sababu ya kijana huyo kukaa na kalamu usiku, akahesabu mizani, akauliza neno lipi la Kiswahili lina haki ya kukaa juu ya pigo lile. Tofauti ya mambo haya mawili haiko Texas wala haiko katika sheria ya kukataza. Iko katika kazi anayoifanya mwenyeji baada ya mgeni kuketi. Njia iliyopita Kigwa haikumuuliza mtu mzigo wake ulitoka wapi. Ilimwuliza kama anaweza kuubeba mpaka mwisho wa safari.